Siku nne za kozi ya magenge ya magereza na seli za kutengwa, Dodoma: nilichopata kwa shilingi 380,000

Kwa shilingi 380,000 nilizozitoa katika pensheni yangu nilipata siku nne za mafunzo, kitini cha kurasa 64 kilichobanwa kwa waya, chai ya saa nne, chakula cha mchana, cheti chenye jina langu lililokosewa herufi moja, na mjadala ambao sijaacha kuufikiria tangu niliporudi nyumbani Nzuguni. Kozi ilihusu udhibiti wa magenge magerezani na matumizi ya seli za kutengwa, yaani vile vyumba ambamo mfungwa anayehesabiwa kuwa hatari hukaa mbali na wenzake. Jina la kituo kilichoiandaa silitaji, kwa sababu mratibu wake aliniahidi kwamba kitini kitarekebishwa kabla ya awamu ijayo, nami sioni haki kasoro inayorekebishwa iendelee kumfuata mtu.

Nilitumikia Jeshi la Magereza kwa miaka 31 na kustaafu nikiwa Mrakibu, sehemu kubwa ya utumishi huo ikiwa kanda hii ya kati. Siku hizi huitwa mara moja moja kuvishauri vikundi vinavyowatafutia mahabusu msaada wa kisheria. Naeleza hayo ili msomaji ajue kwamba kozi hii ninaipima kama mtu aliyeshika funguo, na ambaye aliwahi kuzitumia vibaya, jambo nitakalolifikia baadaye.

Tulikuwa washiriki 18: askari wachache waliokuwa likizoni, maafisa ustawi wa jamii, mawakili wawili, na wasaidizi wa kisheria kutoka Singida na Manyoni. Ukumbi ulikuwa na paa la bati lisiloziba vizuri, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa upepo wa Dodoma, kila baada ya mapumziko tulilazimika kufuta vumbi mezani kabla ya kufungua daftari. Kuhusu chakula sina lawama yoyote, na ugali kwa mlenda wa siku ya tatu ulipikwa na mtu anayeijua kazi yake.

Kasoro kubwa ya kozi hii naitaja mapema, kwa kuwa karibu kila kitu kingine kinatokana nayo: inafundisha vizuri namna ya kumwingiza mtu katika seli ya kutengwa, lakini haifundishi namna ya kumtoa.

Siku ya kwanza ilipotea kwa kiasi kikubwa katika alama. Tulionyeshwa picha za tatoo za magenge ya Afrika Kusini yanayojiita 26, 27 na 28, tukasimuliwa habari za Nongoloza, ambaye magenge hayo humtaja kuwa mwanzilishi wao tangu enzi za machimbo ya dhahabu ya Johannesburg, na tukapewa zoezi la kulinganisha alama na genge. Ni historia yenye mvuto, na kijana aliyeifundisha aliisimulia kwa ufundi, lakini askari wa Kongwa au Manyoni atakayetoka hapo akitafuta tatoo za namba hizo miilini mwa wafungwa wake atatafuta hadi astaafu. Tunayo makundi ya vijana mitaani, na anayekumbuka hofu ya Panya Road iliyoikumba Dar es Salaam Januari 2015 hahitaji kuelezwa. Hata hivyo nguvu ya kundi ndani ya gereza letu haijajengwa juu ya alama. Inatokana na swali la nani anagawa nafasi ya kulala, nani anashika sigara na sabuni, na nani anasikilizwa na askari wa zamu. Mshiriki mmoja aliuliza kama hayo yatafundishwa, akajibiwa kwamba yako siku ya nne. Siku ya nne hayakuwepo.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya nisijutie fedha yangu. Mwezeshaji, mwanasheria aliyesomea masuala ya urekebishaji nje ya nchi, alisogeza meza ukutani, akachukua selotepu ya kahawia na kuchora sakafuni mstatili wa futi nane kwa kumi, ambao unakaribia ukubwa wa seli za kitengo cha kutengwa katika gereza la Pelican Bay, kaskazini mwa California, lililofunguliwa mwaka 1989. Ndani ya mstatili aliweka godoro la sponji, ndoo iliyosimama badala ya choo, na kitabu kimoja. Akaomba mtu wa kujitolea akae humo saa moja bila simu na bila kusemeshwa, huku sisi tukiendelea na somo tukiwa tumempa mgongo. Alijitokeza sajini mmoja kutoka Singida, mtu wa miraba minne na mcheshi kupita wote, ambaye asubuhi ile alikuwa ametuambia kwamba mahabusu siku hizi wanadekezwa.

Mimi nilikaa pembeni, kwa hiyo nilimwona. Dakika 10 za mwanzo alikuwa akitabasamu kila tulipogeuka. Ilipofika kama dakika ya 25 alikuwa ameanza kuinua ncha ya selotepu kwa ukucha, akiibandua na kuibandika tena, kisha akaibandua tena, macho yake yakiwa hapo hapo. Alipotoka wakati wa chai alisema amehesabu mbao za dari mara tano na kila mara amepata idadi tofauti, akaenda kusimama nje peke yake kabla ya kuchukua kikombe. Ilikuwa saa moja tu, mchana, mlango ukiwa wazi na harufu ya maandazi ikitoka jikoni.

Baada ya hapo takwimu hazikuhitaji kupambwa. Kufikia mwaka 2011, zaidi ya watu 500 walikuwa wamekaa katika kitengo kile cha Pelican Bay kwa zaidi ya miaka 10, na 78 kati yao kwa zaidi ya miaka 20. Wengi hawakupelekwa huko kwa kosa la kumpiga mtu kisu. Walipelekwa kwa sababu maofisa waliwathibitisha kuwa wanachama au washirika wa genge, na uthibitisho huo ulihitaji vielelezo vitatu, ambavyo vingeweza kuwa mchoro, barua, au jina lililokutwa katika kitabu cha anwani. Mapitio ya kuona kama mtu ameachana na genge yalifanyika kila baada ya miaka sita. Njia ya haraka ya kutoka ilikuwa kuwataja wenzako, na mfungwa yeyote, wa huko au wa gereza letu la Isanga hapa Dodoma, anajua gharama ya kufanya hivyo ukiwa bado una familia mtaani.

Wafungwa hao waligoma kula mwaka 2011, na Julai 2013 mgomo mwingine ulianza na watu wapatao 30,000 katika magereza ya jimbo zima. Katikati ya migomo hiyo, mwaka 2012, viongozi wa makundi yaliyokuwa yakiuana kwa misingi ya rangi walitoa tamko la kusitisha uhasama, nao walikuwa wamefungwa katika kitengo kile kile kilichojengwa ili wasiwasiliane. Kesi ya wafungwa hao dhidi ya jimbo, iliyojulikana kwa jina la Ashker, ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2015: jimbo likakubali kwamba uanachama wa genge peke yake hautakuwa tena sababu ya kumtenga mtu bila kikomo, na kwamba atatengwa kwa tendo alilolifanya, kwa muda unaojulikana.

Hapa ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti na kushika kalamu, nikitegemea kuelezwa walivyowatoa. Mtu aliyeishi miaka 20 bila kugusana na binadamu mwingine, isipokuwa askari anayemfunga pingu, anarudishwaje bwenini? Nani anakaa naye wiki ya kwanza? Anapangwa na nani, na wale aliowahi kuwa adui yao wanaandaliwaje? California ilikuwa na mpango wa hatua kwa hatua, na ulilalamikiwa sana na wafungwa wenyewe, kwa hiyo lilikuwepo la kujifunza katika mafanikio na katika makosa pia. Tulipata slaidi mbili. Ya pili ilikuwa na picha ya bahari.

Habari ya Texas nayo ilipitishwa kwa dakika 10, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi la mpangilio, kwa sababu katika mifano yote ya nje hiyo ndiyo inayotuhusu sisi moja kwa moja. Kwa miongo mingi magereza ya Texas yalitumia wafungwa waliochaguliwa kuwasimamia wafungwa wenzao, wakiwa na madaraka ya kupiga na kunyang'anya. Kwa Kiswahili chetu hao ni manyapara, ingawa wa kwao walikuwa na meno marefu zaidi. Mwaka 1980 Jaji William Wayne Justice aliamua, katika kesi ya Ruiz, kwamba hali ya magereza hayo ilikiuka katiba, na miaka michache iliyofuata mfumo wa manyapara ukavunjwa. Askari wa kutosha wa kuziba nafasi yao hawakuwepo, magenge yakaingia katika pengo hilo, na katika miaka miwili ya 1984 na 1985 wafungwa 52 waliuawa na wenzao. Septemba 1985 Texas iliwafungia katika seli za kutengwa wote waliojulikana kuwa wanachama wa magenge, na mauaji yakapungua sana.

Mwezeshaji aliishia hapo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuthibitisha hoja yake. Mkono wangu ulikuwa juu, lakini muda ulikuwa umekwisha. Ningeongeza kwamba hatua ya dharura ya mwaka 1985 iligeuka kuwa utaratibu wa kudumu uliowaweka maelfu ya watu peke yao kwa miaka na miaka. Kwamba Texas ilianzisha mpango wa kujitoa katika genge mwaka 2000, yaani miaka 15 baada ya kuwafungia. Na kwamba Januari 2023 wafungwa wa huko walikuwa bado wanagoma kula wakidai kikomo cha kutengwa kwa sababu ya uanachama. Aliyefunga mlango ule mwaka 1985 sina shaka alikuwa na sababu, kwa maana mtu anapouawa karibu kila wiki mbili huna anasa ya kuandika waraka. Ninachohoji ni kwamba hakuna aliyepewa jukumu la kuufungua.

Kuhusu Brazil niliridhika. Walieleza vizuri jinsi genge la PCC lilivyoanzishwa Agosti 1993 katika gereza la Taubaté, lililokuwa likitumika kuwaadhibu na kuwatenga wakorofi wa jimbo la São Paulo, chini ya mwaka mmoja baada ya polisi kuwaua wafungwa 111 katika gereza la Carandiru. Kuwahamishia viongozi wake katika majimbo mengine kuliwapa fursa ya kusajili watu wapya huko, na Februari 2001 genge hilo liliweza kuanzisha maasi kwa wakati mmoja katika magereza 29. Wakili mmoja aliyekaa nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni sawa na kupuliza majivu ukidhani unazima moto, na mwezeshaji alimsikia, akaomba kuiandika ubaoni.

Siku ya tatu ilikuwa ya sheria na kanuni, na hapa pana malalamiko yangu yenye uzito. Tuligawiwa Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, zikiwa nakala ya Kiingereza iliyofifia. Kanuni hizo zinasema kifungo cha upweke ni kumweka mtu peke yake saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu. Kwamba kikizidi siku 15 mfululizo kimekuwa cha muda mrefu na ni marufuku. Kwamba kitumike kama hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi iwezekanavyo, chini ya mapitio ya chombo huru. Kwamba asiwekwe humo mwenye ulemavu wa akili au wa mwili ambao hali yake itazidi kuwa mbaya. Na kwamba mtumishi wa afya amtembelee aliyetengwa kila siku bila yeye kuwa sehemu ya kuamua adhabu. Mambo hayo matano koplo yeyote anaweza kuyashika kwa nusu saa akielezwa kwa Kiswahili. Badala yake, afisa ustawi kutoka Bahi aliyekaa karibu nami aligeuka kuwa mkalimani wa meza nzima, na alifanya kazi nzuri kuliko slaidi, ila yeye naye alikuwa amelipa 380,000 kama sisi.

Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba yetu, inayokataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama na za kumdhalilisha, ilitajwa mara moja tu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye mamlaka ya kuingia magerezani na ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, haikualikwa hata kwa kipindi kimoja, na nauli ya bajaji isingefika hata gharama ya maji ya kunywa tuliyogawiwa.

Mchana wa siku hiyo tulionyeshwa picha za video za gereza la CECOT la El Salvador, lililofunguliwa mapema mwaka 2023 na kutajwa kuwa na uwezo wa kuchukua watu 40,000. Ukumbi ulisisimka, na sitaficha kwamba hata mimi, askari wa zamani, nilivutiwa na ule utaratibu wa kutembeza mamia ya watu kwa amri moja. Hata hivyo mwezeshaji hakusema kwamba nchi hiyo hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliyagawia magenge magereza, kila genge na lake, ili kuzuia mapigano, na kwamba magereza hayo yakageuka kuwa makao makuu ya magenge. Wala hakuuliza watu wale watatoka lini, na watatoka wakiwa nani.

Siku ya nne tulipewa zoezi la vitendo, nalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Kituo kimetengeneza fomu ya mfano ya kumtenga mfungwa, karatasi moja yenye kurasa mbili. Ukurasa wa mbele umejaa: jina, namba, kosa, genge linaloshukiwa, na visanduku saba vya sababu za kutenga, kuanzia tishio kwa askari hadi "taarifa za siri", kisha nafasi ya sahihi tatu. Ukurasa wa nyuma una mstari mmoja tu, "Tarehe ya kutoka", halafu ni weupe hadi chini. Nilipoigeuza nilikumbuka jambo nililolifanya mwaka 1996.

Nyapara wa bweni, katika gereza ambalo sitalitaja, aliniletea habari kwamba kijana fulani anakusanya watu wake na kwamba usiku ule kutachafuka. Nilimwamini, kwa kuwa nyapara yule hakuwa amewahi kunidanganya, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Karatasi ya kumtenga niliijaza kwa dakika tano, na kijana alikaa peke yake siku tisa. Baadaye nikagundua kwamba kosa lake lilikuwa kukataa kutoa sigara ili alale karibu na dirisha. Hakuna aliyenihoji, na aliporudi bwenini hakuna aliyemsindikiza; alirudi kwa nyapara yule yule, naye safari hii alitoa sigara. Kundi pekee lililokuwepo mle ndani lilikuwa la mtu aliyeniletea taarifa, na mimi ndiye niliyelitilia nguvu kwa sahihi yangu.

Kisanduku cha "taarifa za siri" kwenye fomu ile ni mlango ule ule nilioupita mimi. Nilisimama nikasema hivyo ukumbini, na nawashukuru waandaaji kwamba hawakunikatiza. Sajini wa Singida aliuliza swali ambalo kozi nzima ilipaswa kuanzia hapo: "Sasa mzee, huyo kijana siku ya 10 angerudije?" Tulilijadili hadi saa kumi na nusu, chakula cha mchana kikiwa kimepoa. Tulikubaliana, kwa uchache, kwamba taarifa ya nyapara ithibitishwe na chanzo kingine asichokijua yeye. Kwamba tarehe ya mapitio iandikwe siku ile ile ya kuingia, wala si baadaye. Kwamba mapitio yafanywe na mtu tofauti na aliyetia sahihi ya kumtenga. Na kwamba kabla ya mtu kurudi bwenini aulizwe anamwogopa nani, kisha jibu lake litumike katika kumpangia pa kulala. Saa mbili hizo ambazo hazikuwa katika ratiba zilikuwa na thamani kuliko siku nzima ya tatoo.

Kwa jumla ninaipa kozi hii alama tatu kati ya tano. Afisa ustawi, msaidizi wa kisheria au wakili anayewatetea mahabusu ataona thamani ya fedha yake, hasa siku ya pili. Askari wa vyeo vya chini ningemshauri asubiri awamu yenye kanuni kwa Kiswahili, na kama hana wa kumlipia, basi asubiri hadi ada ishuke, kwa maana 380,000 ni fedha ya ada ya mtoto. Anayekwenda achukue sweta, aketi mbali na madirisha ya upande wa mashariki, na alikague jina lake kwenye orodha ya usajili siku ya kwanza, kwani cheti kikishachapwa kukibadilisha ni safari.

Jioni ya siku ya mwisho, wenzangu walipokuwa wakipiga picha ya pamoja, nilikaa na nakala yangu ya fomu nikaugawa ule ukurasa wa nyuma kwa rula: siku ya 3, siku ya 7, siku ya 14, na mbele ya kila moja nafasi ya jina la mkaguzi, alichoona mtumishi wa afya, na maneno ya mfungwa mwenyewe. Chini kabisa niliandika "Anarudi kwa nani?" Dada wa mapokezi aliipokea, akaisoma pande zote mbili, akaitoboa matundu mawili na kuiweka katika jalada la awamu ijayo.